Dawa ya Ute na Magoti ya Jibondo



Siku hizi ni vigumu kupita stendi, sokoni au kwenye kundi la WhatsApp bila kukutana na tangazo la dawa ya magoti. Maneno yake yanafanana. Ukisikia goti linalia, ukiinuka kwa kujishika ukutani, ukipanda ngazi kwa shida, basi ute umekwisha. Nunua chupa mbili au tatu, ute utarudi na utakimbia kama kijana. Mnunuzi mara nyingi ni mama au bibi aliyefanya kazi nzito miaka mingi, na fedha anayotoa ni ya mwani, ya pweza au ya mihogo.

Sisi mafrateri tunaosoma falsafa si madaktari, wala hatutaki kukaa kwenye kiti chao. Lakini tunafundishwa kulisimamisha kila neno na kuliuliza: je, wewe ni kweli? Na kama ni kweli, linatudai nini? Katika makala haya tunatetea jambo moja. Goti lililolika halirudishwi na chupa, na hata hospitali kubwa za dunia bado hazijaweza kulirudisha kama lilivyoumbwa. Kwa hiyo tuna deni kwa watu wanaoishi kwa nguvu ya magoti yao: kuwaambia ukweli, kuwapunguzia mzigo kabla goti halijaisha, na kuwafungulia njia ya tiba linapokwisha. Tumechagua kulisema hili tukitazama kisiwa kimoja kidogo, Jibondo, wilayani Mafia.

Kisiwa cha kazi za goti

Jibondo iko kusini mwa kisiwa kikuu cha Mafia, jirani na Juani na Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Udongo ni haba, na tangu zamani maji ya kunywa yamekuwa ya kukinga mvua au ya kuvushwa kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa. Wenyeji wake, ambao karibu wote ni ndugu zetu Waislamu, wanaishi kwa bahari: uvuvi, pweza, mwani, na ule ufundi wa kuunda vyombo ambao umewapa jina pwani yetu.

Anayetazama kwa makini ataona kuwa karibu kila kazi ya hapa inapita kwenye goti. Fundi wa mashua huchuchumaa chini ya ubavu wa chombo akitia kalafati, akigongomea pamba katika kila upenyo wa mbao. Hupiga goti kando ya mkuku akichonga kwa tezo, na hubaki amejikunja saa nyingi kwa sababu mbao haimfuati fundi, fundi ndiye anayeifuata mbao. Mama wa mwani huingia baharini maji yakipwa, huinama na kuchuchumaa akifunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, kisha hubeba hadi nchi kavu mzigo wa mwani mbichi unaochuruzika maji. Anayechokoa pweza hutembea juu ya mwamba wenye ncha na utelezi, mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine shimoni, goti likipindishwa kila hatua. Akirudi nyumbani, ndoo ya maji inamsubiri.

Haya si manung'uniko ya wavivu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikaenea pwani ya bara na visiwa vyake, na kilipokelewa kama mkombozi wa akinamama. Mwaka 2012 kundi la watafiti, wakiwamo wanasayansi wetu Narriman Jiddawi na Flower Msuya, lilichapisha utafiti uliouliza kama gharama ya mwani kwa akinamama wa Zanzibar haikuwa kubwa mno. Akinamama wale walieleza uchovu, maumivu ya misuli na viungo, njaa, matatizo ya macho na ya kupumua, na kipato chao kilikuwa chini ya mstari wa umaskini uliokithiri. Jibondo si Zanzibar, lakini kamba ni ile ile, maji ni yale yale na mgongo unaoinama ni wa mwanadamu yule yule.

Kwingineko duniani jambo hili limepimwa pia. Huko Framingham, Marekani, watafiti walieleza mwaka 1991 kwamba wanaume ambao kazi zao zilidai kukunja magoti na kubeba mizigo walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kuugua uchakavu wa goti kuliko wale wa kazi nyepesi. Kukunja na kubeba: hapo ndipo ilipo siku nzima ya mtu wa Jibondo.

Kinacholika ni gegedu

Watu wetu husema ute umeisha, au mifupa inasagana. Usemi huu una ukweli ndani yake, lakini umekosea mahali pamoja, na mahali hapo ndipo mfanyabiashara wa chupa anapopenyeza mkono.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe na laini lenye unene wa milimita chache tu. Kati ya mfupa wa paja na wa muundi kuna pia vipande viwili vya umbo la mwezi mwandamo vinavyosaidia kugawa uzito. Ute ni majimaji yanayozunguka ndani ya kiungo. Kazi yake ni kulainisha na kulilisha gegedu. Sasa, katika goti linalouma ute mara nyingi haujaisha. Goti lililovimba huwa na majimaji mengi kupita kawaida, ingawa yamekuwa mepesi na dhaifu. Kilicholika ni gegedu lenyewe, na gegedu halinyweki.

Umbile la gegedu ni la ajabu. Sehemu kubwa ya uzito wake, kati ya asilimia 65 na 80, ni maji. Chembe hai zake ni chache mno. Halina mshipa wa damu wala mshipa wa fahamu. Hupata chakula chake kama sifongo: likikandamizwa hutoa maji, likiachiwa hunyonya ute pamoja na virutubisho vyake. Ndiyo maana kutembea kwa kiasi hulilisha, na kukaa bila kutembea kabisa hulidhoofisha.

Kutokana na umbile hilo yanafuata mambo mawili. La kwanza, kidonda cha gegedu hakiponi kama kidonda cha ngozi, kwa sababu damu ndiyo inayoleta mafundi na vifaa vya ukarabati, na damu haifiki pale. Daktari William Hunter aliliambia jambo hili Shirika la Kifalme la Sayansi mjini London mwaka 1743: gegedu likishaharibika halirudi. La pili, gegedu halina sauti. Linaweza kulika miaka mingi bila mwenyewe kuhisi. Maumivu yanapokuja, wanaolia ni mfupa na nyama za jirani. Kwa hiyo mtu anayesema ataanza kulitunza goti siku litakapoanza kuuma, amechelewa tayari.

Mafundi wa dunia wamejaribu nini

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoeleza namna mwalimu anavyomfundisha mwanafunzi, alitumia mfano wa daktari. Daktari haleti afya kutoka nje kama mtu anayemimina maji kwenye mtungi. Maumbile ya mgonjwa ndiyo yanayoponya kutoka ndani, na daktari ni msaidizi wake. Tukilisoma fundisho hilo mbele ya goti tunaiona shida ilivyo: hapa maumbile yenyewe hayaanzi kazi, hivyo msaidizi anakosa wa kumsaidia.

Madaktari wametafuta njia za kuyaamsha. Mwaka 1959 Kenneth Pridie wa Bristol, Uingereza, alieleza njia ya kutoboa mfupa ulio chini ya gegedu ili damu ipande. Katika miaka ya 1980 Richard Steadman, huko Colorado, Marekani, aliiboresha kwa matundu madogo madogo. Damu ilipanda kweli na shimo likazibwa, lakini kilichoota kilikuwa mithili ya kovu: dhaifu kuliko gegedu la asili. Katika miaka ya 1990 László Hangody wa Hungaria alihamisha vijiti vya mfupa pamoja na gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito mkubwa na kuvipanda penye shimo. Huko Gothenburg, Sweden, Mats Brittberg na Lars Peterson walichukua chembe za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabara na kuzirudisha gotini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1987, na mwaka 1994 walichapisha habari za wagonjwa 23. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha njia iliyotokana na hiyo, ambapo chembe hupandwa juu ya utando uliotengenezwa kwa nguruwe. Daktari atakayeipendekeza siku moja kwa Mwislamu wa Jibondo anawajibika kumweleza hilo kabla ya kisu, ili mgonjwa aamue kwa dhamiri yake.

Ni kazi za kuheshimiwa. Lakini tusisahau zilikusudiwa nani. Zinafaa hasa kwa kijana aliyeumia, tuseme mchezaji wa mpira mwenye shimo dogo kwenye goti ambalo kwingine ni zima. Bibi wa miaka 60 aliyefunga mwani nusu ya maisha yake hana shimo moja. Goti lake limelika upande hadi upande. Kwake yeye, upasuaji uliothibitika ni kubadilisha goti kwa kiungo cha chuma na plastiki. Upasuaji huo umekomaa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kuwa magoti bandia 82 katika kila 100 yanaweza kudumu miaka 25. Hapa kwetu unafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Lakini tuseme ukweli: kubadilisha si kurudisha. Ni kukubali kwamba goti la kwanza halipo tena.

Waliokubali kupimwa na wasiokubali

Kuna jambo katika historia hii ambalo limetugusa kuliko mbinu zenyewe. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio la watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Baadhi walisafishwa goti kwa kamera na vifaa vidogo, upasuaji uliokuwa ukifanywa kwa wingi sana. Wengine, kwa ridhaa yao ya kuingia kwenye bahati nasibu hiyo, walichanjwa ngozi tu. Makundi yote yalieleza nafuu iliyolingana. Mwaka 2006 jaribio jingine la Marekani, la watu 1,583, lilipima glukosamini na kondroitini, vidonge vinavyouzwa dunia nzima kwa ajili ya magoti. Kwa ujumla wao, waliovimeza hawakupata nafuu ya maumivu kuliko waliomeza vidonge vitupu.

Madaktari hawa waliweka kazi ya mikono yao mezani, wakakubali ipimwe, na matokeo yalipowaumiza wakayachapisha. Huo ndio uaminifu kwa ukweli. Muuza chupa hafanyi hivyo. Ushahidi wake ni sauti ya mtu asiyejulikana kwenye simu anayesema amepona.

Mtu atatuuliza: mbona wapo wanaopata nafuu kweli? Jibu la kwanza ni kwamba maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hununua dawa siku ambayo yamepanda. Jibu la pili ni zito zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya asili. Vilipopimwa vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Diklofenaki ni dawa halali ya maumivu, lakini ikimezwa ovyo hutoboa tumbo na kuumiza figo. Deksamethasoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na kuiacha ghafla ni hatari kwa maisha. Mtu hucheka wiki mbili, kisha hulia miaka. Kwa hiyo nafuu ya haraka isitutoe mashaka. Wakati mwingine ndiyo inayopaswa kuyaleta. Dawa isiyo na usajili wa TMDA, isiyoandikwa kilichomo, inayotibu magoti, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, iachwe dukani.

Hatuwatukani wazee wetu wanaochua kwa mafuta ya moto. Mkono wa mjukuu unaochua goti la bibi huleta faraja, na haumdanganyi kuhusu kilichomo ndani. Tunachokipinga ni biashara ya uongo. Amri ya nane inakataza kusema uongo na amri ya saba inakataza kuiba; anayeuza ute kwenye chupa kwa mama wa mwani huzivunja zote mbili kwa mauzo mamoja.

Hoja tunazopingwa nazo

Hoja ya kwanza hutoka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Wapo Wakristo wanaosema mateso ni sehemu ya msalaba, avumilie. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa, amehifadhi simulizi kuhusu Mtakatifu Yakobo wa Yerusalemu kwamba magoti yake yaliota sugu kama ya ngamia kwa sababu ya kusali. Tunaipenda simulizi hiyo. Lakini Yakobo aliyatoa magoti yake kwa hiari. Mama wa Jibondo hakuulizwa. Mateso yanayotolewa kwa upendo na mwenye kuteseka ni jambo moja. Mateso ya jirani tunayoyaacha kwa uvivu wetu ni jambo jingine, na hilo la pili halina utakatifu wowote kwetu. Simoni wa Kirene, hata kama alilazimishwa, hakumhubiria Yesu habari za uvumilivu. Aliubeba mti.

Tunaye pia shahidi wa karibu. Tarehe 5 Mei 2022 Baba Mtakatifu Fransisko alionekana hadharani kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya goti. Safari yake ya Kongo na Sudan Kusini iliyopangwa Julai mwaka huo iliahirishwa, akaja Januari 2023. Alichomwa sindano na kufanya tiba ya mazoezi, akakataa upasuaji kwa kuwa dawa ya usingizi ya mwaka 2021 ilimsumbua. Hakuona aibu kusukumwa mbele ya watu wala hakujifanya mzima. Tunasoma hapo mambo mawili: kwamba goti laweza kumsimamisha hata Papa, na kwamba mtu mwenye waganga bora pembeni yake hakuahidiwa goti jipya kwa chupa. Alipewa ukweli, akachagua.

Hoja ya pili husema: kwa nini maskini aambiwe habari za kujikinga, na tajiri apewe chembe zilizokuzwa maabara? Hoja hii ina haki ndani yake. Hatusemi tiba kubwa si za Jibondo. Tunasema zikifika zifike kwa haki, kwa mtu anayefaidika nazo, baada ya yale yaliyo rahisi na yaliyothibitika kufanyika. Kumpelekea mtu teknolojia ya mwisho huku ukimwacha aendelee kubeba ndoo juu ya mwamba ni kukarabati paa huku msingi unachimbwa.

Hoja ya tatu ni ya wenye kazi wenyewe, nayo ndiyo nzito. Hiyo ndiyo riziki. Mkituambia tusichuchumae, tutakula nini? Hatuna ujasiri wa kuwaambia waache. Lakini Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 kuhusu kazi, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na thamani yake hupimwa kwanza kwa yule anayeifanya. Na Tomaso wa Akwino, akifafanua Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anatukumbusha kuwa roho peke yake si mtu mzima. Goti la fundi si chombo cha kazi kama tezo, ambalo likiisha makali hununuliwa jingine. Goti lile ni yeye. Basi swali halipaswi kuwa kama kazi iendelee, swali ni iendelee namna gani.

Nini kifanyike

Kwanza, kazi ibadilishwe kwa mambo madogo. Kufunga mwani kunaweza kufanyika nchi kavu, watu wakiwa wamekaa kwenye vigoda, kamba zikapelekwa majini zikiwa tayari. Mwani mbichi unaweza kuvutwa juu ya maji kwa mtumbwi au kielelezo badala ya kubebwa kichwani. Chanja ya kuanikia inayofika kiunoni humwokoa mtu kuinama mara mia kwa siku. Fundi anayepiga goti akiweka gunia lililojazwa makumbi chini yake, na akibadilisha mkao mara kwa mara, hapotezi ufundi wake. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kuwa kila kilo mtu anayopunguza mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Hesabu ile ni ya uzito wa mwili, lakini inatosha kutufanya tuitazame ndoo ya lita 20 kwa macho mengine. Kila mradi wa maji unaofikisha bomba au tangi karibu na nyumba za Jibondo ni mradi wa magoti pia. Wanaopanga bajeti waihesabu faida hiyo.

Pili, mazoezi. Hakuna chupa inayolinganishwa na msuli wa paja wenye nguvu, kwa sababu ndio unaopokea mtikisiko kabla haujafika gotini. Kukaa kwenye kiti, kunyoosha mguu mmoja, kuushikilia kidogo na kuushusha. Kuinuka kitini na kukaa tena mara kadhaa bila kutumia mikono. Kutembea mahali tambarare. Miongozo ya tiba duniani inayaweka mazoezi mbele ya vidonge na kisu, na hayana bei. Yanahitaji tu mtu wa kuyaonyesha, na hapo mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifundishwa vizuri anatosha kuanzia.

Tatu, njia ya hospitali. Mgonjwa wa Jibondo anayehitaji mtaalamu wa mifupa huvuka kwa chombo hadi kisiwa kikuu, hufika hospitali ya wilaya Kilindoni, huvuka tena bahari hadi Nyamisati, kisha barabara hadi Dar es Salaam. Mwenye goti bovu ndiye anayetakiwa kupanda na kushuka vyombo vyote hivyo. Tunayo sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tutaipima sheria hiyo kwa mtu wa kisiwani: je, itamlipia tiba ya mazoezi na goti bandia, au itaishia kumpa kadi? Na je, wataalamu wa mifupa wanaweza kumfuata Mafia kwa kliniki za zamu, badala ya yeye kuwafuata siku zote?

Nne, nyumba za ibada. Katika parokia zetu wapo wazee wanaoacha kuja Misa kwa aibu ya kutoweza kupiga magoti. Maelekezo ya Misale ya Kirumi yenyewe yanamruhusu asiyeweza kwa sababu za afya asipige magoti wakati wa mageuzo. Uislamu nao humruhusu mgonjwa kusali ameketi. Mapadre, makatekista na maimamu walitamke hili waziwazi mbele ya watu, na viti viwekwe pale vinapoonekana, bila wanaovitumia kutazamwa kama wavivu wa imani. Na matangazo ya dawa za ute yasisomwe kanisani wala kubandikwa kwenye mbao zetu, hata kama muuzaji ni mfadhili mzuri wa kwaya.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna shida ya magoti leo. Basi anza na simu yako. Tangazo la ute likikufikia, usilipeleke mbele. Mpigie mama au bibi unayemfahamu, muulize kama goti linamsumbua, mweleze kwa upole kuwa fedha ile aihifadhi kwa nauli ya kwenda hospitali, kisha mwonyeshe lile zoezi la kwenye kiti. Ukiwa na sauti katika kijiji, halmashauri au parokia, uliza habari za maji, vigoda na bima. Hayo tunaweza kuyafanya kabla maabara yoyote haijapata jibu, na Bwana hatatuuliza tulivumbua nini. Atatuuliza tulimbebea nani mzigo wake.